Rangi ya Kucha ya Mtabila

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwaka 2013, mwanangu, nilipopanda basi kutoka Kibondo kwenda Kasulu kumfumania baba yako. Wewe nilikuacha kwa jirani. Begi la kurudi kwetu Singida nilikuwa nimeshalifunga.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu mwenye shahada, kwa hiyo hata wivu wangu ulikuwa na takwimu. Baba yako alikuwa mtafiti huko Mtabila, karibu na Kasulu, kwenye kambi ya wakimbizi iliyokuwa imefungwa, akikadiria idadi ya panya pori katika mashamba yaliyoachwa. Kwanza niliona chupa ya rangi nyekundu ya kucha mfukoni mwake. Nikairudisha bila kumuuliza. Kisha doa jekundu kwenye shati. Kisha fundi cherehani akanitania kwamba mume wangu ni mteja mzuri wa vipodozi kule Kasulu. Nikajumlisha, nikampa wanawake watatu.

Jumamosi hiyo nikamkuta kichakani Mtabila na Restituta, mtafiti mwenzake, wamepiga magoti, wanacheka. Kicheko kile kiliniuma kuliko rangi. Nami alikuwa hajacheka hivyo siku nyingi. Nikauliza, kwa sauti ya darasani, wanampaka nani rangi.

Restituta akanyanyua panya mwenye mkia mwekundu. "Huyu hapa, wifi. Mchukue, mimi amenichosha."

Baba yako akanieleza taratibu. Wanawanasa, wanawatia alama kwa rangi ya kucha, wanawaachia. Baadaye wanatega tena, na uwiano wa wenye alama kati ya walionaswa unawaonyesha panya wote ni wangapi hivi.

"Bila alama, Mwalimu, panya mmoja akinaswa mara tatu utasema ni watatu."

Nikakaa chini kwenye majani. Chupa, doa, maneno ya fundi: kitu kimoja, nami kila kiliponirudia nilikizalia mwanamke mpya.

Sitakudanganya kwamba wivu uliisha. Kile kicheko cha Restituta niliendelea kukionea wivu, mpaka nikaanza kuuliza habari za panya wakati wa kula, naye akaanza kucheka nami.

Sasa unaniambia mchumba wako ana dalili nne za usaliti. Mwanangu, jambo likikutia shaka, muulize siku hiyo hiyo, kwa sauti ya kawaida. Akikujibu ukaridhika, litie alama. Likirudi usilipokee kama jipya. Likiwa jipya kweli, usijifanye hukuliona.

Mungu akujalie mume wa kucheka naye, na akupe wepesi wa kuwa wa kwanza kumchekesha.