Fitri Iliyorudi Nyumbani

Nijicheke mwenyewe kwanza kabla hamjanicheka, maana Idi ile ya miaka ya tisini nilikwenda Jinja kuposa, nikaishia kuhesabiwa maskini, na chanzo ni kanzu.

Kanzu ilikuwa mpya, nyeupe pe, na lifti niliyopata kutoka Mbale ilikuwa lori la makaa la dereva mmoja Mkenya, basi nikaona nivae suruali ya shambani, kanzu niifunge kwenye karatasi nikabadilishe msikitini (akili nyingi, si mnanijua). Nilishuka mweusi kama mzigo wenyewe. Bombani watu walikuwa wengi wanatawadha, nikakaa ngazini kusubiri, pembeni ya bibi wazee, kumbe wao wanangoja fitri, ule mchele ambao kila mwenye nyumba huwapa maskini kabla ya swala ya Idi. Mzee mmoja mrefu akapita mbio, akaniwekea mapajani kimfuko cha kitambaa cha maua mekundu.

"Chukua, kijana. Na wewe ufurahi leo."

Kabla sijafungua mdomo ameshapotelea ndani.

Ningempa bibi wa jirani, najua. Lakini sukari ya zawadi nilikuwa nimeisahau kwenye lori, na nilikuwa naenda kumwomba binti Zuhura kwa baba yake, askari mstaafu wa kambi ya Kimaka ambaye mtaa mzima ulimwita Afande na mimi sijawahi kumwona. Nikajiambia mchele ni mchele.

Nikabadilisha, nikaswali safu ya mwisho, nikaenda kupiga hodi. Nikamkabidhi mama yake Zuhura kimfuko kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nikainua macho nikaona pazia la mlangoni: maua mekundu, yaleyale ya kimfuko. Pazia likafunguka, akatokea yule mzee mrefu.

Akaangalia kimfuko, akaangalia kucha zangu zenye makaa.

"Hii mchele nimetoa kwa vichwa vya nyumba yote," akasema polepole. "Na ya Zuhura iko ndani. Umeshabeba fitri yake, sasa unataka na yeye mwenyewe?"

Zuhura jikoni alicheka mpaka akaangusha sufuria. Mimi machozi yalinilengalenga, nilijua nimemkosa.

"Rudi Idi ingine," Afande akasema, "ukiwa mtu ya kutoa."

Nilirudi, nikapewa, alhamdulillahi. Siku hizi kanzu naivaa tangu Mbale, hata lori liwe la makaa. Haisaidii. Kila Idi, mbele ya wanangu, mzee ananitolea kimfuko cha maua mekundu, nami nakipokea kwa mikono miwili.