Gavana Aliyepika Mbegu

Siku ile ya Idd pili naiona mpaka leo, mwanangu, na kila nikiiona hasira hunipanda upya. Juzi hapa Kibiti, kwenye arusi, mzee mmoja wa rika langu alinishika mkono akaanza kumsifu marehemu baba yangu mbele za watu. "Selemani alikuwa mkarimu, bwana! Pilau lile alilotulisha, tangu siku ile sijaliona jingine." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilinyamaza, maana shughuli ya watu haiharibiwi, lakini nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Kwa hiyo kaa hapa nikuambie pilau lile lilipikwa kwa nini.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Tulikaa kule chini kwenye delta ya Rufiji, mto unakogawanyika matawi kabla ya kuingia baharini. Nyumba yetu ilikuwa ya baba, mama, Bibi ambaye ni mama yake baba, mimi Hadija na wadogo zangu. Chakula tulikilima wenyewe na kukiweka wenyewe, nyumba nzima, hakuna aliyekaa bure. Mama alimenya mihogo akaianika ikawa makopa. Sisi watoto tulipasua samaki, tukawatia chumvi na kuwaanika kwenye chanja, kisha tukashinda tunafukuza paka na kunguru. Baba alilima kwa nguvu zake zote, hilo siwezi kumnyima.

Mpunga wa mbegu ulikuwa chini ya Bibi. Alikuja nao alipoolewa, kapewa na mama yake, na mama yake naye alipewa na wa kwao. Tuliuita Shingondefu, kwa sababu ukishakomaa kidogo, maji ya mto yakipanda nao hupanda, kichwa kinabaki juu. Kila baada ya mavuno Bibi alichagua mashuke mazuri, akayajaza vikapu viwili na kuvipandisha darini juu ya meko, ambako moshi ulizuia wadudu. Kikapu kimoja kilikuwa cha kupandia. Cha pili alikiita cha kurudia.

Hicho cha kurudia ndicho chenye kesi. Wewe umekulia huku barabarani, huenda hujui. Rufiji hujaa inapotaka yenyewe. Maji yakiwahi, miche ikiwa bado mifupi, yanaifunika mpaka inaoza, hata kama ni Shingondefu. Yakishapungua, unarudia kupanda upesi udongo ukiwa bado laini. Ndiyo maana kikapu cha pili hakikuguswa hata baada ya shamba kuota. Mgeni wa mbali angeweza kuona mpunga umechipua shambani na kikapu kizima kimekaa darini, akadhani ni chakula kilichosahauliwa. Angesamehewa, kwa kuwa hajui. Baba yangu alizaliwa hapo hapo. Alijua.

Sasa miaka hiyo watu walikuwa wamepagawa na beni. Ilikuwa ngoma ya kucheza kwa gwaride, kwa filimbi na tarumbeta, na wakubwa wake walijipa vyeo vya wazungu. Huyu kapteni, yule jaji, mwingine kingi kabisa. Baba akapewa ugavana. Gavana! Mtu ambaye jana yake alikuwa matopeni mpaka kiunoni! Akashona suruali nyeupe, akavaa mshipi mwekundu kifuani, akatundika filimbi shingoni. Mama akimwita "Baba Hadija," siku hizo alikuwa hata haitiki upesi.

Ngoma zile zilikuwa za mashindano. Chama kikialika kingine, wanapimana kwa kucheza na kwa kulisha. Mgeni akirudi kwao hajashiba, mwenyeji hutungiwa wimbo wa kumcheka, na wimbo wenyewe huimbwa mpaka Utete. Baba akawaalika watu wa chama cha ng'ambo ya mto waje Idd pili, na kwa kinywa chake akawaahidi pilau.

Pilau la mpunga gani? Ramadhani ilikuwa imetoka tu na ghala lilikuwa limepwaya. Ndani tulikuwa na makopa, samaki wakavu na mahindi kiasi. Vilitosha kabisa kumkirimu mtu mwenye akili zake. Lakini ati Gavana atawalishaje watu makopa? Bibi hakuwepo, alikuwa Mbuchi kwenye msiba wa dada yake. Basi Idd mosi asubuhi, tumetoka tu kusali, baba akapanda darini akateremsha kikapu cha kurudia.

Mama alikuwa mekoni. Aliposikia kikapu kinatua chini aligeuka akabaki ameshika mwiko.

"Baba Hadija, hiyo mbegu."

"Mbegu ya nini tena? Mpunga si umeshaota? Toka nje ukauone."

"Na maji je?"

"Maji mwaka huu hayawahi. Weye twanga."

Tukatwanga. Mama alitwanga huku machozi yanamtoka, na mimi nikiwa nimeshika mchi wa pili. Baba alikuwa uani anajaribu filimbi yake. Niambie, mwanangu, hiyo ni haki? Mwanamke aliyepalilia, aliyewinga ndege, aliyevuna shuke kwa shuke kwa kisu, anaamrishwa atwange mbegu ya watoto wake siku ya sikukuu ili mtu mmoja asichekwe na watu wa ng'ambo!

Kesho yake wageni wakafika na mitumbwi yao, ngoma zikalia, watu wakacheza, masinia yakatoka. Wakala wakasifu. Katikati ya kula Bibi akarudi kutoka Mbuchi. Alipitia mlango wa uani, akaingia mekoni kuweka kamba wakavu aliopewa kule, akainua macho darini. Mimi nilikuwa pale. Alikichukua kikapu kitupu pale kilipotupwa, akatoka nacho mpaka barazani, akakiweka mbele ya Gavana.

"Selemani."

Baba akasimama na mshipi wake mwekundu. "Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. "Kikapu hiki kilikuwa na nini?"

"Mama, tuna wageni."

"Sijakuuliza habari ya wageni. Nakuuliza kikapu."

Bibi akawageukia wageni, akawaambia kwa upole kabisa, "Kuleni, wanangu. Nyie hamna kosa, mmekaribishwa." Kisha akamrudia mwanawe, na sauti wala hakuipandisha.

"Weye si mkarimu. Ungekuwa mkarimu ungetoa kitu chako. Hiki kilikuwa changu miye, na cha mkeo, na cha hawa watoto, na cha watakaozaliwa na hawa. Umeiba nyumbani kwako ukagawa barazani upigiwe makofi. Haya, umepigiwa. Maji yakija, mbegu utakwenda kuiomba mwenyewe. Mkeo haendi, mtoto haendi. Utakwenda weye, na hiyo filimbi shingoni."

Wageni wengine wakacheka, wakidhani ni maskhara ya ngoma. Na baba naye akacheka! Akawaambia, "Mama ana majonzi ya msiba, mtamsamehe." Hapo ndipo mimi, mtoto wa kike wa kimo kile, nilipojua kwamba mtu mzima anaweza kuwa na kosa mkononi na bado akamgeuza aliyemkosea aonekane ndiye mgonjwa.

Maji yakawahi. Tulipita kwa mtumbwi juu ya shamba letu wenyewe, miche inaonekana chini ya maji ikianza kugeuka rangi. Yalipopungua, shamba lilikuwa tope jeusi zuri, la kutamanika, na majirani wote wakaingia kurudia. Sisi tulikaa kwenye kingo tunawatazama. Dukani kwa Mhindi hapa Kibiti mchele ulikuwepo magunia kwa magunia, lakini mchele ni kitu kilichokobolewa. Ukipanda mchele utangoja mpaka uzeeke.

Baba akataka kumtuma mama kwa ndugu zake. Bibi akaweka kigoda mlangoni akakaa, mama asipate pa kupita. Basi Gavana akavuka mto na pakacha lake, filimbi ameificha ndani ya shati. Aliyoyakuta huko mama alisimuliwa na wanawake wa ng'ambo wenyewe. Wanaume wale waliokula pilau walimpokea kwa vifijo, "Karibu Gavana! Gavana huyo!", wakamkalisha, wakamsifu upya. Alipotaja mbegu, kila mmoja akakumbuka ana safari. Waliompa ni wake zao, ambao lile pilau hata hawakulionja, maana walibaki kwao wakilinda mashamba. Huyu akampa kiganja, na yule kiganja, mpaka pakacha likaonekana kuwa na kitu.

Mbegu za nyumba nyingi ndani ya pakacha moja! Tukapanda tulichopata. Shamba likaota, lakini kila kipande na desturi yake. Huku mpunga umeiva, pale ndiyo kwanza unachanua, kule bado majani matupu. Ndege wakaja kwa ule wa kwanza wakakaa mpaka wa mwisho. Majirani walishavuna wakahama kutoka kwenye madungu yao, vile vibanda vya nguzo vya kulindia mashamba, sisi tuko juu ya dungu letu bado tunapiga kelele na kurusha mawe mpaka sauti zinakauka. Makopa yakaisha. Tukala viazi vya porini. Mdogo wangu Athumani akashikwa na homa kule kule dunguni, na tulikaribia kumzika. Hayo yote wale waimba nyimbo hawakuyatungia hata ubeti.

Njaa ile ilipita, mwanangu. Njaa hupita. Ambacho hakikurudi ni Shingondefu. Bibi aliuliza Mbuchi, akauliza kwa jamaa zake wa Chumbi, na kila msimu wa mavuno alikuwa akipita kwenye mashamba ya watu akiinua shuke moja moja na kulitazama. Hakuupata. Alikufa hajaupata, na ninyi vitukuu vyake hamtaijua ladha yake. Baba aliacha ngoma, akawa mkulima mzuri, hata vikapu akawa anapandisha darini mwenyewe. Lakini kusema "nilikosa" hakusema hata mara moja. Akiulizwa alijibu, "Ni yale maji." Maji! Maji hayakufika darini. Aliyefika darini ni yeye.

Sasa nisikilize, na usiniangalie kama bibi anayelalamikia mambo ya kale. Nimeona nyumba yako. Una uwanja mzuri nyuma, umemwaga saruji, na mchicha unanunua barabarani. Bamia moja huna! Panda. Na usipande peke yako halafu ukawaita watoto kula. Wachimbe na wewe, wamwagilie, waanike, wapate kujua kitu kinavyochelewa kuwa chakula. Matunda yaliyozidi yakaushe, samaki wakijaa sokoni uwatie chumvi. Katika kila unachovuna tenga kilicho bora kiwe mbegu, na mbegu iwe ya kupanda mara mbili, hata kama majirani watakuita mchoyo. Mwambie kila mmoja nyumbani, mpaka yule mdogo, kipi ni cha kula na kipi hakiliwi, na kwa nini.

Mgeni akija, mkirimu kwa kilicho chako. Kama ni makopa, mpe makopa ya moto na uso mkunjufu. Akikucheka, mwache acheke akitoka, wewe funga mlango wako. Na ukipata cheo, mwanangu, cha ofisini, cha msikitini, cha kikundi chochote kile, kivue kabla hujaingia jikoni kwa mkeo. Mkeo akisema "hii mbegu," usimwambie atwange. Kaa chini umsikilize, kwa sababu anawasemea watoto wako.

Mungu akupe ardhi yenye rutuba na mikono isiyochoka. Akujalie watoto watakaokula jasho lako wakakuombea dua. Na akuepushe, kwa rehema zake, na kusimama mlangoni kwa mtu ukimwomba mbegu, ilhali yako aliila yeye.