Kaburi la Upande wa Jua

Festus Mulkerrin alikuwa na visingizio vya kila aina. Kiangazi hiki bahari imechafuka, kiangazi kile kondoo wanakatwa manyoya, mwaka mwingine mtumbwi unavuja. Mkewe, Delia, alivisikiliza vyote kwa miaka arobaini, na hakuomba kitu kingine maishani mwake: apelekwe Inishcronan, kisiwa kisicho na mtu, akalione kaburi la mtoto wake. Mwaka huu daktari wa mjini Galway alimwambia Krismasi hataiona. Bahari nayo, kwa ukorofi wake, ikatulia kama maziwa bakulini. Mpwa wao Máirtín akaleta boti lake la injini. Visingizio vikaisha.

Huku kwetu zamani mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa hakuzikwa makaburini pamoja na Wakristo. Mapadri walisema hana mahali, na sisi, wajinga wa kutupwa, tukainamisha vichwa. Mama alibaki kitandani akilia. Baba alikichukua kisanduku chenye maiti kimyakimya, akaenda kukizika kisiwani, kwenye magofu ya watawa wa kale, maana watakatifu wale, tulijiambia, hawana roho mbaya kama ya maparoko.

Usiku wa kumzika mtoto wao Festus alipiga makasia peke yake. Alikuwa kijana wa nguvu, mvuna mwani, asiyejua kusema uongo hata mnadani akiuza ndama, na walanguzi walimpenda kwa hilo. Penye miamba ya kushukia, wimbi liliuinua mtumbwi, naye akakiachia kisanduku ili ashike makasia kwa mikono miwili. Ni kufumba na kufumbua, bahari ikakichukua. Alizunguka maji yale mpaka kukapambazuka, hakuona hata kipande cha ubao. Alipofika nyumbani Delia akamuuliza, "Umemlaza wapi?" Naye, akiutazama uso ule, akajibu, "Kando ya ukuta wa kanisa, upande wa jua."

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Festus ilikuwa ndefu kuliko ndoa za watu wengi, na kila siku aliitembea peku. Hawakupata mtoto mwingine. Delia aliosha vyombo akikitazama kisiwa dirishani. "Leo kuna jua kule," husema, "hasikii baridi." Hapo Festus hutoka nje kwenda kwa kondoo ambao hawakuwa na haja naye. Alimpenda mkewe, na mapenzi yenyewe ndiyo yaliyomziba mdomo.

"Mjomba, mbona umekaa kama mtu anayepelekwa kunyongwa?" Máirtín alimtania botini. "Umeogopa maji uzeeni?"

"Endesha boti lako, wewe."

"Hebu mwache mjomba wako," Delia akasema. "Zamani alikuja huku peke yake kwa makasia, wewe hujazaliwa." Akampapasa goti mumewe. Heri angemzaba kofi. Festus alikuwa ameapa kusema kweli kabla hawajafika. Kila alipofungua kinywa injini ilinguruma, akakifunga, na moyoni akaishukuru injini.

Walimpandisha Delia miambani kwa kumshika makwapa. Vibanda vya mawe vya watawa, vya duara kama mizinga ya nyuki, vilikuwa vimeporomoka nusu. Kanisa halikuwa na paa, na ndege wa baharini walitaga madhabahuni. Watalii wawili ambao Máirtín aliwashusha asubuhi walikuwa wakipiga picha, mmoja akisema hapa pana amani. Amani! Upande wa jua wa kanisa ulikuwa umejaa vijiwe vilivyosimikwa ardhini, visivyo na herufi hata moja, mpaka mtu hana pa kuweka mguu. Akina baba wote wa pwani hii walikuwa wamechagua upande uleule.

"Lipi, Festus?"

"Delia, mama, nisikilize. Mimi siku ile..."

"Usinionyeshe! Ngoja kwanza." Alikuwa ameshaingia katikati ya vijiwe, akivigusa kimoja kimoja, akasimama penye kimoja cheupe. "Ni hiki. Sivyo? Nilijua tu nitamjua. Niambie kama si hiki."

Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa msichana. La kuvunda halina ubani, najua, lakini ningependa kumwona mwenye moyo wa kuusema ukweli mbele ya uso ule.

"Ndicho," Festus akasema.

Delia akapiga magoti, akatoa kichupa cha maji ya baraka, akainyunyizia ile ardhi. "Nilimpa jina. Sorcha. Nilimwita jikoni peke yangu, kwa kuogopa padri. Wewe hujawahi kumwita. Mwite."

"Delia, tafadhali."

"Mwite mwanao, bwana. Aijue sauti ya baba yake."

Festus akavua kofia. "Sorcha," akaliambia jiwe la mtoto wa mtu baki. Wakalia wote wawili, mke kwa furaha. Miaka yote ile mume hakujua kwamba mtoto ana jina. Angalijua, angaliliita juu ya maji.

"Nami utanileta hapa," Delia akasema alipopangusa machozi. "Usinitupe kule parokiani. Unilaze naye."

"Nitakuleta."

Oktoba akamleta. Padri mpya, kijana mpole, hakuwa na ubishi, na kijiji kizima kikapanda maboti. Festus alichimba mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akamlaza mkewe kando ya jiwe lile jeupe, huku nyuma yake bahari ikiipiga miamba. Wanawake walinong'ona kwamba mume kama huyu hazaliwi tena. Padri akainua mkono, akasema leo mama na mwanawe wamekutana. Watu wote wakaitikia Amina. Festus naye akaitikia.