Matofali ya Raheli na Jukwaa la Wageni Rasmi

Raheli aliteremka kutoka Lumuma akiwa bi harusi, akakaa Magomeni pale Kilosa mpaka mvi, na katika maisha yake yote ya mjini alitaka kitu kimoja tu: nyumba ya matofali ya kuchoma. Hakutaka sakafu ya kung'aa wala bati la rangi. Alitaka ukuta ambao mto Mkondoa ukija, utapiga hodi na kurudi ulikotoka. Nyumba ya udongo aliyoikuta kwa mumewe haikuwa na heshima hiyo. Kila masika makubwa maji yaliingia bila salamu, yakachukua sufuria, yakaacha kambale chini ya kitanda, na Raheli akaanza upya kukandika.

Mumewe, Yohana, alikuwa kibarua wa reli kule Kidete hadi kifua kilipomrudisha nyumbani. Mgonjwa wa kifua na nyumba ya unyevu havipatani, hilo halihitaji daktari. Basi Raheli akatafuta kalibu ya mbao, akachimba udongo nyuma ya nyumba, akaanza kufyatua. Asubuhi alikuwa shambani kwenye mpunga, jioni alikuwa kwenye matope. Misimu ikapita. Mvua ikitishia aliyafunika matofali kwa majani, jua likiwaka aliyageuza, na kuni za tanuru alizibeba kwa kichwa chake mwenyewe. Siku alipolichoma tanuru, alimtoa Yohana nje aje aone moshi. Yohana akatazama, akakohoa, akasema sasa atakufa mahali pakavu. Raheli akamwambia afunge mdomo wake. Lakini moyoni aliyapokea maneno yale kama ahadi, na mtoa ahadi alikuwa yeye mwenyewe.

Huo ulikuwa wakati wa kujenga taifa, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, na Kilosa taifa lilijengwa zaidi siku za Jumamosi. Ikaundwa Kamati ya Uwanja. Mwenyekiti wake, Bwana Onesphory, aliwahi kuona uwanja mkubwa wa mpira Dar es Salaam, na tangu hapo hakupona. Alitaka Kilosa nayo iwe na uwanja wa kisasa, wenye jukwaa la kuezekwa ambapo wageni rasmi wataketi kivulini wakitazama wananchi wakichezea juani. Mchango ukagawanywa. Watu wa milimani watoe mawe, watu wa kando ya reli watoe nguzo, watu wa Magomeni watoe matofali. Kwa nini matofali yatoke kwa watu wanaolala kwenye nyumba za udongo, hakuna aliyeuliza. Maswali yalikuwa na siku yake, na siku hiyo haikutangazwa.

Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa Mwinshehe, mkulima wa pale pale tambarare, jirani wa Raheli ukuta kwa ukuta. Zaidi ya ujirani, ukoo wake na ukoo wa Raheli walikuwa watani. Chanzo cha utani huo kila upande ulikisimulia kwa namna ya kuuaibisha upande wa pili, lakini sheria zake zilijulikana na wote. Mtani atakutukana mbele za watu, atachukua kuku wako uani, msibani atakuchekesha utake usitake, na wewe hukasiriki. Anayemkasirikia mtani wake ameaibika yeye, na ukoo wake pamoja naye. Mwinshehe alimwita Raheli mbuzi wa mlimani. Raheli alimwita chura. Hawakupitisha siku bila kuitana, na asiyewajua angedhani wana kesi.

Lori la Kamati likaja asubuhi moja kukusanya. Nyumba zile kumi zilikuwa na matofali mabichi, na mengi yalikuwa yamekwisha kurudi kuwa tope. Dereva akauliza apakie nini. Bwana Onesphory, aliyekaa mbele na dereva, akamtazama Mwinshehe. Watu wakamtazama Mwinshehe. Naye, kwa kubanwa, akafanya alichokizoea: akapanda juu ya tanuru la Raheli, akajilaza chali.

"Matofali si haya hapa!" akapaza sauti. "Ya mtani wangu. Mbuzi wa mlimani ana haja gani na nyumba? Pakieni!"

Watu wakacheka. Raheli alikuwa mlangoni, ameshika bakuli la uji wa Yohana. Naye akacheka.

"Chukua, chura," akasema. "Umeyafyatua wewe?"

Mwinshehe alisubiri mtani wake amrushie kuni, aseme kwa matusi yanayostahili kwamba tanuru haliguswi, ili yeye ateremke amwambie Bwana Onesphory kuwa amejaribu. Raheli naye alisubiri Mwinshehe ateremke mwenyewe, maana utani una mahali unapoishia na mtani ndiye anayepajua. Wakatazamana wakicheka. Dereva hakuwa mtani wa mtu yeyote pale. Alipakia.

Lori lilipoondoka Raheli alikuwa bado anacheka, na uji ulikuwa umepoa.

Kwenda kulalamika ofisini hakuweza. Angesema nini, kwamba mtani wake amemtania? Mwinshehe naye hakuweza kuomba radhi, kwa kuwa ukimwomba mtani radhi umeuua utani wenyewe. Alichofanya ni kuvua samaki mtoni na kuwatupa mlangoni kwa Raheli, huku akipiga kelele kwamba wameoza, ale afe. Walikuwa wabichi kabisa. Raheli aliwakaanga na kumlisha Yohana.

Jukwaa likasimama, likaezekwa, likapakwa chokaa, na juu ya chokaa fundi akaandika kwa rangi nyekundu WAGENI RASMI. Siku ya ufunguzi, mvua ilinyesha. Wageni rasmi hawakulowa hata kidogo, na katika hotuba zao waliwasifu wananchi waliolowa kwa moyo wao wa kujitolea. Yohana hakwenda. Masika yale maji yaliingia tena, Raheli akakiinua kitanda juu ya mawe, na juu ya mawe hayo Yohana akafa, maji yakipita chini yake.

Mazikoni Mwinshehe alifanya kazi yake. Alivaa koti la reli la Yohana, akatembea kama Yohana, akakohoa kikohozi cha Yohana na kumwomba Raheli uji, hata mjane akacheka kwa machozi. Kisha akarukia ndani ya kaburi kabla jeneza halijashushwa, akalala, akajinyoosha.

"Ah! Hapa pakavu kuliko nyumbani kwenu!"

Watu wakaangua kicheko. Mwinshehe alikuwa ameshalisikia alilolisema. Alibaki amelala mle chini akimtazama Raheli, Raheli akimtazama kutoka juu, na kati ya watu wote pale ni wao wawili tu wasiocheka. Alitoka kaburini bila kudai hela wala kuku wa kumtoa, jambo ambalo mtani hafanyi, na watu walilizungumza kwa muda mrefu.

Uwanja wenyewe haukuishi. Mto ulihamisha magoli yote mawili. Malori yakaitwa kuhamishia watu vijijini, Kamati ikawa na kazi nyingine, na uwanjani likabaki jukwaa peke yake likitazamana na matete. Mbuzi wa mtaa mzima walilala chini ya bati, kivulini, wakiwa ndio wageni rasmi. Raheli alipita pale kila siku akienda shambani, na tofali lake alilijua, kwa kuwa kalibu yake ilikuwa na ufa uliowekea kila tofali mstari pembeni. Alikuwa ana hasira, mtu mwingine aseme atakalo. Alikuwa ana hasira kila asubuhi, na jioni alikuwa anamwita Mwinshehe chura na kula samaki wake.

Kisha Mwinshehe akafa, ghafla, akitoka shambani.

Alioshwa, akavikwa sanda, wanaume wakainua jeneza wawahi sala ya adhuhuri. Mlangoni wakamkuta Raheli. Alikuwa amekaa juu ya kizingiti, miguu ameinyoosha, kalibu ya mbao mapajani.

"Huyu hatoki," akasema. "Ana matofali yangu."

Watu wakacheka, mtani huyo, ndiyo kazi yake. Wakamtupia sarafu. Akazisukuma kando. Wakamletea kuku, akamfungua kamba akamwacha aende zake. Kicheko kikapungua, kisha kikaisha. Wakaona kwamba mama huyu analia.

"Mwacheni chura wangu humu ndani," akasema. "Humu ni pakavu. Mume wangu alikufa ndani ya maji, na huyu alijua, na mimi nilijua, na nyote mlijua."

Kutoka ndani, nyuma ya pazia, ikasikika sauti ya Joha, mke wa Mwinshehe. "Mtani, mvua ikinyesha alikuwa hakai. Alikuwa anasimama hapo hapo ulipokaa anatazama kwako. Nikimwambia nenda kaseme naye, anasema sijui pa kuanzia. Mfungulie njia, dada yangu. Matofali yako chukua."

"Yale ni mali ya umma," akasema Bwana Onesphory. Alikuwa amebeba jeneza upande wa mbele.

"Na mimi ni mali ya nani?" akauliza Raheli.

Bwana Onesphory akaeleza kwamba jambo hilo linahitaji kikao cha Kamati. Shehe, aliyekuwa anatazama jua, akauliza wajumbe wa Kamati wako wapi. Wakaangaliana. Karibu wote walikuwa chini ya jeneza. Kikao kikafanyika hapo hapo, marehemu akiwa mabegani, na kwa sababu hiyo kilikuwa kifupi kuliko vikao vyote vya Kamati. Hakuna aliyepinga. Raheli akakunja miguu.

Walibomoa jukwaa wao wenyewe, siku ya Jumamosi, wakabeba matofali kichwani hadi Magomeni. Fundi aliyejenga nyumba hakujua kusoma, au alijua akaamua kunyamaza, maana ukuta wa jikoni ulitokea na herufi nyekundu kichwa chini, nusu ya neno hapa, nusu kule. Raheli hakuzipaka chokaa.

Masika yaliyofuata Mkondoa ulikuja. Ulifika ukutani, ukasimama kidogo, ukarudi. Raheli alikuwa ameketi kitandani, miguu imegusa sakafu kavu, akisikiliza mvua ikipiga juu ya bati. Ilikuwa nyumba aliyoitaka maisha yake yote. Asubuhi akafungua mlango, akasimama kizingitini akitazama upande wa kwa Mwinshehe, akisubiri mtu amwite mbuzi mwizi wa mali ya umma. Alisubiri mpaka jua likawa kali. Kisha akaingia ndani kuwasha moto.