Kinyozi wa Kibaoni na Mabaka Yasiyo na Kikohozi

Juzi nilipigiwa simu kutoka Ifakara nikaambiwa kinyozi wangu wa Kibaoni hatunaye tena. Moyo ulikuwa ukimsumbua kwa muda, na hatimaye ukamshinda. Wengi watamlilia kwa ucheshi wake. Mimi namkumbuka kwa msimu ule mazishi yalipokuwa mengi, nasi ugonjwa tukiutaja kwa kuzungukazunguka, "changamoto ya kupumua," kana kwamba ukiitwa jina lake utaitika.

Yeye hakukohoa. Alianza kuwashwa na mabaka mekundu mgongoni, kisha vidole vya miguu vikavimba vikawa vya zambarau, kama vilivyochomwa na baridi, katika joto hili letu la bondeni. Wateja waliviona. Wapo waliosema amekanyaga uchawi aliotegewa njiani, na kwa minong'ono wakamtaja kinyozi mwenzake wa jirani. Yeye akavaa soksi, akaendelea kunyoa.

Dada yake, ambaye ni muuguzi, alipofika kumsalimia alimtaka azivue. Akaitazama miguu ile kwa utulivu, akamweleza kuwa hali kama hiyo ameiona kwa baadhi ya waliougua korona. Hawezi kuwa na hakika mpaka kaka apimwe, lakini afunge saluni na kukaa mbali na watu.

"Hata kama sikohoi?"

"Hata kama hukohoi, kaka. Baba umemwona lini?"

Akainamisha kichwa. Alikuwa ametoka Namawala kumnyoa mzee ndevu, uso kwa uso, kama alivyozoea.

Saluni ilifungwa siku ileile. Kipimo kikathibitisha aliyoyahofia dada. Huko Namawala mzee alishikwa na homa, kisha pumzi ikaanza kumpungukia, na akafariki kabla hajapimwa. Mwanawe alitazama maziko akiwa peke yake, ng'ambo ya majaruba ya mpunga, na waombolezaji wakamhesabu kuwa hana adabu.

Baadaye aliniambia kwa sauti ya chini, "Nani alimwambukiza nani hatutajua. Lakini ngozi yangu ilisema mapema, nami nikaivalisha soksi."

Si kila kipele ni korona, na sitaki mtu aogope kila anapojikuna. Kinachonitisha ni wepesi wetu wa kumtafuta mchawi kabla ya kumtafuta mganga wa zahanati. Ugonjwa mwingine utakuja, na huenda nao ukaingia kwa mlango tusioulinda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakutuambia kwamba kifo hicho chaweza kumwacha aliyeficha, kikamchukua baba yake.