Nyanya za Kumwonyesha Mjomba

Enzi zile za Mwingereza, Temeke ilikuwa minazi, mikorosho, mchanga na mie. Nilikuja kutoka Tabora kwa reli, nikapata ukarani wa stoo kwenye ghala moja karibu na bandari, na jioni nikahudhuria darasa la usiku mpaka nikahitimu. Siku niliyopewa cheti nilitembea nacho nimekiinua juu kutoka Ilala hadi Temeke, na mbwa wote wa njiani walininyamazia kwa heshima.

Msomi kama huyo lazima aoe. Nikachumbia binti wa Kizaramo aliyekaa Kinondoni kwa mjomba wake. Binti mwenyewe alishakubali, lakini kwa Wazaramo mwenye neno ni mjomba. Baba unaweza kumsalimia na kupita. Mjomba huyu alikuwa fundi wa kuezeka makuti, na alinitazama kama anavyotazama paa linalovuja.

"Nyie watu wa bara nawajua," aliniambia. "Leo mko hapa, kesho mmepanda reli mmerudi kwenu, na mtoto wetu mmemfunga pamoja na mizigo. Una nini ardhini?"

"Ardhini, mjomba?"

"Umepanda nini? Mtu aliyepanda kitu hatoroki. Kipupwe kikiingia nitakuja kwako. Nikikuta nyanya ulizolima kwa mkono wako, tutazungumza. Nikikuta mchanga mtupu, hapa usirudi tena."

Niliondoka nikicheka moyoni. Nyanya tu! Kitabu chetu cha Kiingereza cha darasani kilikuwa na sura nzima ya bustani ya nyumbani. Kilisema nyanya zipandwe mahali penye jua la kutwa, na zijengewe ukuta wa kuzikinga na baridi. Nikatii neno kwa neno. Katikati ya kiangazi, pale Temeke, mie nikakandika udongo na kujenga ukuta wa kuzuia baridi.

Sasa yule mwandishi alikuwa mtu wa nchi ambayo jua huja mara moja moja kama mgeni. Temeke jua halikuja kutembea, limehamia na vyombo vyake. Ukuta wangu ukashika moto kama tanuri la mkate. Maua yalitoka asubuhi, adhuhuri yakadondoka. Kuku aliyepita karibu na ule ukuta nusura atage yai la kuchemsha.

Kicheko cha kwanza kilitoka nyumba ya jirani. Hapo alikaa bibi mmoja wa Kizaramo, mjane, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuitia watu walioko Mbagala. Na sie Wanyamwezi na Wazaramo, kama mjuavyo, ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kofia kichwani na kula chakula chako, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, unatozwa faini.

"We Mnyamwezi!" alinipigia kelele. "Unazikaanga kabla hazijazaa?"

"Nyamaza, mtani. Hiki ni kilimo cha kitabuni."

"Basi kale kitabu!"

Nikabomoa ukuta. Mvua za masika zilipopungua, nikaanza upya kwa akili zangu mwenyewe. Nilikamua mbegu za nyanya kwenye majivu, nikazianika, nikaziotesha kitaluni. Nikahamishia miche nyuma ya nyumba, chini ya kichanja cha makuti kilichozuia jua la mchana, na mashinani nikaitandikia nyasi kavu. Nilimwagilia alfajiri na magharibi kwa debe nililolitoboa matundu kwa msumari. Pembeni nikaweka bamia na mchicha ili nyanya zisijihisi wapweke.

Jamani, zilizaa! Zilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto. Haya, kama ngumi. Lakini ngumi ya mpagazi wa bandarini.

Ya kwanza ilipoiva, nilitoka kuitazama nikamkuta mtani kaishika mkononi, anaitafuna na chumvi.

"Mtani! Hizo ni za posa!"

"Ndiyo maana naionja. Tusije tukamwozesha mtoto kwa nyanya chungu."

Kesho yake alichukua mbili. Siku iliyofuata akaja na ungo. Nilimsihi, nikamweleza habari za mjomba, akanijibu kwamba mjomba ni Mzaramo mwenzake, hivyo yeye anamlia sehemu yake mapema. Ndipo nikafanya kosa la mtu aliyesoma sana: nikazungusha boma la miiba, na juu yake nikatundika kibao cha Kiingereza cha kukataza watu kuingia. Mtani akakianikia kanga zake. Halafu akaenda kuita mtaa mzima.

Walikusanyika uani kwangu, wazee kwa vijana. Mtani akasimama mbele yao akajifuta machozi ambayo hayakuwapo.

"Ameniwekea miiba! Mtani wangu! Kama mie ni nguruwe!"

"Amenuna huyo," akasema mzee mmoja, muuza mkaa. "Na mwenye kununa analipa."

Nikajaribu kujitetea kwa maneno ya darasani, wakanicheka mpaka nikasahau nilikuwa nasema nini. Faini ilikuwa jogoo wangu, tena yule niliyekuwa nimemwekea mjomba. Boma likang'olewa. Mtani akaondoka na jogoo kwapani, na jogoo mwenyewe hakuonyesha huzuni yoyote.

Siku ya mjomba ilipofika, zilibaki nyanya za kutosha kuniokoa, nyekundu, zimening'inia kama taa za sikukuu. Nilikwenda kisimani kuchota maji ya kuoga. Niliporudi, mashina yalikuwa yamebaki na majani matupu. Hata zile zilizoanza tu kuwa nyekundu kwa haya, zimekwenda.

Na nyuma yangu nikasikia, "Hodi hapa!"

Ni mjomba. Nilimwamkia shikamoo, nikamkalisha kibarazani, nikamwambia asubiri kidogo. Kichwani mwangu reli ilishapiga honi. Kisha upepo ukaniletea harufu ya mchuzi kutoka kwa jirani, na hapo nikakumbuka kwamba utani una pande mbili. Nikaingia jikoni kwa mtani bila kubisha, nikaipua chungu kizima chenye moto, nikatoka nacho mbio nimekishika kwa kanga yake.

"Mwizi! Mnyamwezi kaiba chungu!"

"Usinune, mtani! Ukinuna unalipa!"

Nikakitua mbele ya mjomba. Ndani mlikuwa na jogoo wangu, amelala kwenye nyanya zangu kama sultani. Mtani akafika anahema, akaketi bila kukaribishwa, akatua sinia la wali alilolibeba kichwani. Mjomba alionja, akalamba vidole, akaonja tena.

"Nyanya hizi za nani?"

"Zangu, mjomba."

"Muongo!" mtani akadakia. "Yeye kamwagilia tu. Alfajiri na magharibi, mpaka hatulali kwa kelele za debe lake. Anaziimbia! Tena anaimba vibaya!"

Mjomba akaacha kutafuna. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Alikagua kichanja, akavuta kuti moja kwa ukali wa fundi, akainama akapapasa nyasi zenye unyevu. Mara nikamwona anang'oa mashina matatu na mizizi yake na udongo wake.

"Mjomba!"

"Unanuna?"

"Hapana, mjomba. Nacheka."

"Mie pia mtani wako. Hizi nakwenda kuzipanda kwangu Kinondoni. Ila mgongo unaniuma, siwezi kubeba maji. Utakuwa unakuja kumwagilia wewe. Kila siku. Nitaona siku ngapi utavumilia kabla hujaipanda reli."

Akayaweka mashina kichwani, akaenda zake, mtani akimsindikiza kwa matusi ya Kizaramo ambayo sikuyaelewa, ila yalimfanya mjomba acheke mpaka njia panda.

Nikaenda. Kila nikitoka ghalani, badala ya kurudi Temeke, nakata kwa miguu hadi Kinondoni. Binti ndiye aliyenipokea na debe.

"Mwagilia polepole," aliniambia. "Ukimaliza upesi, mjomba atakwambia nenda zako."

Sasa mnyanya uliokwisha kuzaa ukiuhamisha haukai. Mie nilijua, na mwezekaji wa makuti aliyekulia Uzaramo angekosaje kujua? Siku chache tu ile mitatu ikakauka, majani yakapukutika, vikabaki vijiti vitatu vimesimama mchangani. Niliendelea kuvimwagilia. Jioni moja mjomba alikuja akasimama karibu yangu, mikono nyuma.

"Zinaendeleaje?"

"Zinaendelea vizuri, mjomba."

Akavitazama vile vijiti. Akamtazama mpwa wake, aliyekuwa ameuma upindo wa kanga ili asicheke.

"Naona," akasema. "Waambie wazee wako waje tupange siku. Na hicho cha kushoto kiongezee maji, kimenyong'onyea."