Papa Evariste Hahesabu Ngombe

Nitasema wazi tangu mwanzo: papa yangu alinichokesha. Watu wa Lumumba, quartier yetu, mutaa ya Bunia, wanamuonaka asubui anapita na fimbo yake na ile koti ya zamani anavaaka hata kama jua iko kali, wananiambia, "Brigitte, uko na bahati, papa yako ni muzee mupole." Mupole, ndiyo. Weye kaa naye juma moja, halafu tutaongea.

Papa iko na miaka soixante-seize, sabini na sita. Alizaliwa upande wa Irumu, katikati ya ngombe, na hajaingiaka mu masomo hata siku moja. Français haisikii. Lakini ngombe zikirudi mangaribi, atasimama tu pale, na kama moja imekosa atakuambia ni gani, rangi yake, na mama yake alizaa mara ngapi. Zamani zilikuwa mingi. Vita ilikula. Zenye zilibaki tulizileta karibu na Bunia, pembeni ya Mbunya, kwa kiwanja ya shangazi yangu, na mimi njo mwenye kuzikamua, mwenye kuzipiga dawa ya kupe, mwenye kubeba bidon ya maziwa mupaka sokoni. Miaka kumi na saba sasa. Sikuolewa. Watu wanauliza sababu; siku nitapata nafasi ya kukaa chini nitawajibu.

Kaka yangu Aimé, yeye alikimbia. Simulaumu, wakati ule kila mutu alikimbia penye miguu ilimupeleka. Alivuka Uganda, akakaa mu kambi miaka mingi, halafu wakamupeleka Amerika, mu jimbo inaitwa Caroline du Nord. Inaitwa ya Nord, ya kaskazini, lakini iko upande wa sud, wa kusini, ya Amerika. Nilimuuliza mara moja anielezee, akaongea dakika kumi, nikaacha.

Na kuongea, Aimé anajua. Kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha ibada, alituma audio. Jimbo yao iko na milima upande huu, bahari upande ule, na katikati ni mashamba. Unaweza kuamuka mu baridi ya mulima, ukala chakula ya mangaribi miguu iko ndani ya maji ya chumvi. Iko na pori. Iko na miji yenye majumba marefu. Watu wanakusalimia hata hawakujue. Na wanalima viazi tamu kupita majimbo yote ya Amerika. Mimi nilisikiliza ile mambo nikiwa na kinyesi ya ngombe mupaka mu magoti. Nikamurudishia audio: "Aimé, kama ni mulima, tuko nayo. Panda Bogoro, simama pale, tazama ziwa kule chini, uniambie kama ya kwenu inapita. Pori tuko nayo. Viazi tuko nayo. Chenye hatuna ni usingizi." Hakujibu. Juma yenye ilifuata, akatuma picha ya bahari.

Sasa kosa yake ilikuwa siku alituma video ya mulima. Aliichukua ndani ya gari, anapita tu, na pembeni ya barabara kulikuwa nyasi mingi sana na ngombe nyeusi, zimenona, zinakula ndani ya waya. Papa aliishika ile simu akaisogeza karibu na jicho ya kushoto, sababu ya kuume ilishafungwa na ugonjwa, na munganga alituambia wazi kwamba ile ya kushoto pia inaenda, polepole, na hakuna dawa ya kuirudisha.

"Muchungaji iko wapi?" akauliza.

"Hakuna, Papa. Huko wanaziacha tu."

"Mupaka mangaribi?"

"Mupaka siku zote."

Akaomba nirudilie video, mara tano, mara sita, charge ikaisha. Halafu akaniambia neno moja yenye haikuhusu ngombe. "Brigitte, nataka nione uso wa Aimé mbele hii jicho haijafunga. Sauti yake ninaisikia. Uso nimeanza kuusahau."

Basi, mutu anafanya nini kisha kusikia maneno kama ile? Nilianza kutafuta dosiye ya visa, yale makaratasi ya kumupeleka Amerika.

Ile dosiye ilinikula miezi sita. Paspoti. Foto, yenye Papa alikataa kuvua koti. Barua ya Aimé ya kumualika. Na juu ya yote, walituambia, muzee lazima aonyeshe kwamba iko na kitu huku yenye itamurudisha nyumbani, la sivyo watafikiri anaenda kwa kubakia. Kitu gani? Ngombe. Hatuna kingine. Kwa hiyo ilihitajika karatasi ya veterineri, munganga wa ngombe, yenye kusema Papa iko na ngombe ngapi.

Na hapa njo penye matatizo ilikuwa. Siye watu wa ngombe, mutu hahesabu ngombe yake. Hapana, haiko mambo ya kucheka. Mutoto akinyoosha kidole, moja, mbili, tatu, wanamupiga ile kidole. Ukizihesabu umeita kifo ije ipunguze. Unazijua kwa jina na kwa rangi, inatosha. Nikamuambia Papa tunahitaji hesabu, akanitazama kama nimemuomba auze mama yake, akatoka inje.

Nilifanya nini? Nilingoja siku ya Mungu, Papa ameenda misa, nikaita veterineri, jina yake Rémy. Tukaingia mu kraal, zizi ya ngombe, mbio mbio kama wezi. Rémy alihesabu na bic, kalamu yake. Akaandika, akapiga muhuri: vingt-trois, ishirini na tatu. Niliingiza karatasi katikati ya zingine mu farde ya kubebea makaratasi, nikafunga mudomo. Nilijiona mwenye akili.

Tulipanda avio, ndege, mupaka Kinshasa, penye ubalozi wa Amerika iko. Aimé ndiye alilipa, kwa hiyo kila simu ilikuwa ya kuuliza kama tumefika, kama tumekula, kama Papa amevaa viatu. Siku ya entretien, ile ya kuulizwa maswali, walimuingiza Papa peke yake, iko mutu wao wa kutafsiri ndani. Mimi nilibakia inje ya mulango, mu jua. Kisha saa moja akatoka ameshika karatasi ndogo, uso wake mutulivu.

"Ni watu wa heshima," akasema. "Waliniuliza kama niko na ngombe."

"Ukasema?"

"Nikasema sina."

Nilikaa chini, pale pale pembeni ya barabara. "Papa, ulisema hauna?"

"Mutu simujue, iko nyuma ya kioo, ananiuliza ngombe yangu. Weye ungesema nini?"

Karatasi ya Rémy mbele yao inasema vingt-trois, na mwenyewe anasema sina. Weye ungekuwa pale ungefanya nini? Walimukatalia, na sikuweza hata kuwakasirikia. Nilimukasirikia yeye. Nikajikasirikia mimi pia, lakini kidogo.

Mu avio ya kurudi nilimuambia ukweli, sababu hasira haikunipa nafasi ya kuchagua maneno. Nilimuambia kwamba nilizihesabu. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Ulihesabu na kidole?"

"Rémy alihesabu na bic."

"Bic ni mubaya kupita kidole," akasema. "Kidole inasahau."

Siku tatu hakuniongelesha. Mangaribi alisimama kwa mulango wa kraal wakati murefu kupita zamani, anatazama kila moja inavyoingia, anangoja ile yenye itakufa. Hakuna yenye ilikufa. Nilitaka kumuambia, unaona? Nikanyamaza, sababu angesema ni mapema.

Aimé akaomba tarehe ingine. Kwa mwezi muzima nilimufundisha Papa. "Sema vingt-trois. Neno moja tu, Papa. Hata kwa Français, haiko hata luga yako, kifo haitasikia." Akatikisa kichwa. Nilibembeleza, nikagombana, nikaita padiri aongee naye. Padiri mwenyewe iko na ngombe, akakubaliana na Papa. Nilichoka kabisa. Mangaribi moja niko nabeba ndoo, nimekasirika, namusikia kule kwa mulango anaziita zinavyoingia: Bihogo, Siina, Gaju, Dimanche. Moja moja, na kila moja anaipiga mukono ku mugongo.

"Papa," nikasema, "basi majina. Majina utawaambia?"

Akafikiri. "Majina haina ubaya. Jina ni salamu."

Mara ya pili, Kinshasa tena, niliomba niingie naye nitafsiri mwenyewe, nikapiga kelele ya kutosha mupaka walikubali. Nyuma ya kioo kulikuwa madame moja wa miwani, haongei mingi. Akauliza kwa nini mara ya kwanza muzee alisema hana ngombe. Nikamuelezea desturi yetu. Sijue kama aliamini. Akasema, basi ataje.

Papa akavua kofia. Akaanza. Bihogo, yenye tumbo nyeupe. Siina, mutoto wa Bihogo. Gaju mukubwa, Gaju mudogo. Dimanche, yenye ilizaliwa siku ya Mungu mvua inapiga. Madame alichora musitari moja moja ku karatasi yake, na mimi nilifuata, natafsiri. Papa akafika mwisho, akavaa kofia.

Madame akatazama musitari. Akatazama karatasi ya Rémy. "Ni vingt-deux," akasema.

Ishirini na mbili, moja inakosa. "Papa, umesahau moja."

"Sijasahau."

"Ile nyekundu ya pembe moja. Haukuitaja."

"Ile haiko yangu," akasema. "Ni ya Aimé. Mwaka alikimbia nilitenga ndama jike kwa jina yake. Ile ilizaa, ikakufa, na hii nyekundu njo muzao wake. Mutu hataji ngombe ya mutoto wake kwamba ni yake."

Ile nyekundu. Ile njo mubaya kupita zote. Inapiga teke, imenivunjia ndoo mbili, na kidole ya mukono wangu wa kushoto haijanyooka tangu ilinikanyaga. Asubui zote naikamua ninaitukana, kumbe namukamulia Aimé, mwenye kukaa Caroline ananitumia picha ya bahari. Nilitafsiri hata hivyo.

Madame akaandika. Kisha akauliza: na kama muzee atapenda huko, akose kurudi, hizi zingine zitakuwa za nani?

Nikamugeuzia Papa swali. Jibu nililijua. Kwetu mutoto mwanamuke haachiwi ngombe. Anaolewa, ngombe inakuja kwa wandugu zake, basi. Atataja Aimé, ama watoto wa baba mudogo.

Papa hakunitazama. Alitazama kioo. "Zote ni za huyu," akasema. "Tangu siku wengine walikimbia, yeye akabakia na mimi. Kwa hiyo nitarudi. Siwezi kumuacha peke yake na ngombe zote hizi, niende kukaa kwa mutoto mwenye ngombe moja."

Nikasahau kutafsiri. Madame akangoja. "Anasema nini?" akauliza.

"Anasema ngombe ni za binti yake."

"Binti gani?"

"Mimi, madame."

Akapiga kitu mu masini yake, ile kompyuta, akamuambia muzee visa amepata, asafiri salama.

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Nilikuwa na hasira mupaka tumefika mu taxi. Miaka kumi na saba tunakula ku meza moja, na ilihitajika tuvuke inchi muzima, tusimame mbele ya kioo ya mutu hatumujue, ndipo nisikie. "Papa, kwa nini haukuniambiaka?"

"Hauniulizaka," akasema, na akalala, kichwa ku dirisha.

Alienda mwezi wa sita. Aimé ananiambia kwamba siku ya kwanza Papa alikaa mbele yake ku meza, akamutazama na ile jicho moja, hakugusa chakula, mupaka Aimé naye akashindwa kula. Kisha akasema, "Umekuwa na uso wa mama yako," akaomba chai. Taabu yote ya kumutafutia safari, basi, ililipwa na ile neno tu. Nasema ukweli.

Lakini bado ananichokesha. Kila siku kwa saa kumi na moja ya mangaribi, huku ngombe zinaingia, simu ya video inalia. Jana alikuwa ku bahari. Namusikia Aimé nyuma, upepo inapiga, iko nalalamika: "Brigitte, nimeendesha gari saa nne nzima, muambie atazame maji."

"Nimeyatazama," Papa akasema. "Ni mingi. Brigitte, ziko?"

"Ziko, Papa."

Akangoja. Najua chenye anangoja. Niliweka ndoo chini, nikasimama kwa mulango wa kraal na simu mukononi, nikaanza: Bihogo. Siina. Gaju mukubwa. Kila moja nilimugeuzia simu aione, na kila moja alisema "mm". Aimé aliacha kulalamika.

"Na ile nyekundu ya Aimé," nikasema, "leo imevunja ndoo ingine."

Upepo ikapiga. Halafu sauti ya kaka yangu ikakuja karibu na simu: "Nyekundu ya nani?"

Papa hakumuambia yeye pia. Miaka kumi na saba, na majuma tatu yote wanalala nyumba moja. Ningeweza kupiga makelele.

"Papa," nikasikia Aimé anauliza, polepole, sauti yake imekuwa ya zamani, ya mbele ya kukimbia. "Mimi niko na ngombe huko?"

Nikaingia ndani ya kraal, nikaishika ile jeuri nyekundu kwa pembe yake moja, nikamuonyesha ku simu.